Notisi ya ritani kutoka TRA: mshauri wa kodi yupi wa kumlipa Dar

Notisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ya ritani, yaani taarifa za kodi za mwaka, ambazo hazijawasilishwa ikimfikia mfanyabiashara wa Kariakoo au Ilala, wengi hukimbilia ofisi ya kwanza yenye kibao cha ushauri wa kodi. Huduma zinazouzwa humo ni za aina mbili.

Ya kwanza ni ya barua. Unaandikiwa ukurasa mmoja wa kuomba radhi na kuongezewa muda, unagongewa muhuri, unalipa. Hatuipendekezi hata ikiwa bei nafuu. Notisi inadai ritani, na barua haifungi hata mwaka mmoja kwenye akaunti yako ya kodi TRA. Barua ikisubiri majibu, adhabu inapanda kila mwezi, na mwezi uliogusa hata siku moja huhesabiwa mzima: asilimia 2.5 ya kodi isiyolipwa au kiwango cha chini cha kisheria, kilicho kikubwa. Kiwango hicho kwa kampuni ni mara tatu ya mtu binafsi. Kampuni iliyolala inaumia hapo, kwa sababu hata bila mauzo ritani ilitakiwa.

Aina ya pili ndiyo yenye thamani ya fedha yako. Mshauri hataji bei kabla ya kufungua akaunti na kuona miaka inayodaiwa, na malipo ya kodi ya awamu za Machi, Juni, Septemba na Desemba yameingia wapi. Mara nyingine fedha imelipwa kweli, ila namba ya kumbukumbu ya malipo ilitolewa kwa mwaka mwingine, na mwaka husika unaonekana mtupu. Hapo kinachohitajika ni stakabadhi ya benki na ombi la kuhamisha malipo, si kulipa upya.

Baada ya hapo atakudai taarifa za benki, mkataba wa pango, hati za kodi ya zuio (kodi uliyokatwa na anayekulipa) na ripoti Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, za EFD (mashine ya risiti). Karatasi za mashine hufifia. Ya miaka miwili nyuma inaweza kubaki ukanda mweupe wenye kivuli cha tarakimu. Anayejua kazi huchapisha upya ripoti ya kipindi kutoka kumbukumbu ya mashine. Anayekadiria mauzo kwa kichwa, mkimbie: ritani ikipishana na rekodi za EFD au za VAT (kodi ya ongezeko la thamani), umejiitia ukaguzi.

Kwa kampuni, ritani iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu mwenye cheti cha CPA aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Omba namba yake ya usajili kabla ya kutoa malipo ya awali.

Kama TRA imeshakukadiria kodi, una siku 30 tangu upokee makadirio kuweka pingamizi, pamoja na theluthi ya kodi au kiasi usichobishia, kilicho kikubwa. Watu wa barua huharibu zaidi hapa: wanaandika malalamiko, siku zinakwisha, na deni linabaki palepale.

Usimalizie malipo kabla ya kushika nakala ya kila ritani na uthibitisho wa kupokelewa, mwaka kwa mwaka. Kisha angalia barua pepe na simu zilizosajiliwa kwenye TIN (namba ya mlipakodi) yako. Zikiwa za mshauri, zibadilishe siku hiyohiyo, kwani notisi ijayo itaenda kwake na wewe hutaiona.