Jezi ya Flamengo na yule tumbusi wao: nzuri, ila angalia unawekewa ndege gani

Wadau wa jezi mambo vipi, leo naongelea jezi ya Flamengo ya Brazil, ile ya nyumbani yenye mistari mipana ya kulala nyekundu na nyeusi, pamoja na tisheti ya mashabiki yenye picha ya urubu (ndo huyo tumbusi wao) ambayo niliagiza baadae. Zote nimezivaa vya kutosha, nimezifua, ile jezi nimechezea mpaka ndondo, kwahiyo naongea kitu ninachokijua. Kwa kifupi jezi kama jezi ni kali sana, ila kama unainunua kwa ajili ya yule ndege basi usitoe hela kabla hujasoma hapa, maana kwenye ndege ndo watu wanapopigwa.

Kwanza ieleweke kwenye jezi rasmi ya Flamengo hamna ndege. Kifuani kuna herufi CRF zimefungamana tu, Clube de Regatas do Flamengo, maana hawa walianza 1895 kama klabu ya kupiga makasia, mpira wa miguu ukaja baadae kabisa. Ndege utamkuta kwenye mabendera ya mashabiki, kwenye tatuu, kwenye kuta za mitaa ya Rio, kwenye katuni, kwa maskoti anayezunguka uwanjani siku ya mechi. Ukiona jezi ina ndege mkubwa kifuani ujue kuna mtu wa kuprinti kajiongeza. Mi sina tatizo na kuprinti, hata mimi nilitaka hivyo hivyo. Nilichukua jezi Kariakoo kwenye duka moja, sio orijino ile ya adidas, ni kopi nzuri ya elfu thelathini, nikamwomba jamaa aniwekee urubu mdogo mgongoni chini ya kola, nikamtumia na picha WhatsApp kabisa, moja ya ndege mwenyewe mzima na nyingine ya kuchora. Nafika kuchukua mzigo nakuta kaniwekea tai. Tena yule tai wa Kimarekani, kichwa cheupe, mdomo wa njano, kifua mbele, kucha zimetoka. Namuuliza kaka vipi mbona sio yule niliyekutumia, ananijibu "bosi yule wako alikuwa mbaya, nimekuwekea mkali zaidi, si ndege tu".

Hapana. Sio ndege tu, na ngoja nieleze kwanini maana hii habari watu wengi huku hawaijui kabisa na ni moja ya habari nzuri kuliko zote kwenye mpira.

Flamengo ndo timu yenye mashabiki wengi kuliko zote Brazil, wenyewe wanajiita Taifa na makadirio ni zaidi ya watu milioni 40. Miaka ile ya sitini pale Rio sehemu kubwa ya waliokuwa wanajaza majukwaa yao walikuwa watu weusi na watu wa hali ya chini, watu wa favela, yaani mitaa ya mabanda. Mashabiki wa timu pinzani wakawa wanawaita urubu. Urubu ndo tumbusi mweusi wa kule, mwili mweusi tii, kichwa kipara, anakula mizoga na anashinda majalalani. Unaona lilivyo tusi hilo, linakutukana rangi yako na umaskini wako kwa mpigo mmoja, na lilikuwa linaimbwa na maelfu ya watu uwanjani mbele ya watoto wako.

Sasa 1969, Brazil iko chini ya wanajeshi, Flamengo wana mechi na Botafogo, timu nyingine ya Rio, pale uwanja wa Maracanã. Botafogo ya miaka hiyo ndo ya akina Jairzinho, na Flamengo walikuwa wamekaa miaka hawajawafunga. Vijana wachache mashabiki wa Flamengo wakaenda jalalani wakamkamata tumbusi mzima mzima, wakampenyeza uwanjani, halafu kabla ya mpira kuanza wakamfunga bendera ya timu miguuni wakamwachia. Ndege akaruka na bendera yake mbele ya uwanja uliofurika akaja kutua kwenye nyasi, na lile jukwaa la Flamengo, wale wale waliokuwa wanatukanwa kila wiki, wakaanza kuimba wenyewe kwa nguvu zote kwamba ni urubu, ni urubu. Na mechi wakashinda 2-1. Mi kila nikisimulia hii habari nasisimka, maana hamna aliyewapa ruhusa, hamna kamati iliyokaa, ni watu wa jukwaani tu waliamua tusi hili tunalichukua ni letu, tuone mtatutukana na nini kesho.

Kabla ya hapo maskoti wao alikuwa Popeye yule baharia, alichorwa miaka ya arobaini na ilikuwa inaeleweka kwa klabu ya watu wa bahari, lakini Popeye hakuwa wao bwana, alikuwa katuni ya Kimarekani ya kuazima. Baada ya ile mechi mchora katuni mmoja anaitwa Henfil aliyekuwa anachorea gazeti la Jornal dos Sports akamchukua urubu akamfanya mhusika wake, mjanja, mtukutu, anawachokoza wapinzani, na watu wakawa wanafungua gazeti kumtafuta yeye. Hapo ndo Popeye akaenda na maji.

Kwahiyo mtu akikubadilishia urubu akakuwekea tai kwa sababu tai anapendeza, kaifuta habari yote. Tai anazo timu kibao, Benfica, Lazio, Crystal Palace, Nigeria, huyo hana shida ya mtu wa kumsemea. Hawa walikuwa na uwezo wa kuchagua mnyama yeyote mwenye heshima zake wakachukua yule aliyetoka jalalani, kwa sababu ndo alilotukaniwa bibi yao. Kumremba ni kurudi kuona aibu, na aibu ndo walichokikataa.

Nilimwambia jamaa sichukui hivi. Tukavutana pale, mwisho akaibandua kwa moto, gundi ikabaki imeacha kivuli cha mabawa kwenye mstari mwekundu, nikaondoka na jezi bila ndege. Hela ya kuprinti alirudisha nusu. Sitaji duka maana sitaki kumwaribia mtu riziki na jezi zake zenyewe ni nzuri, ila ukienda kuprinti popote pale kaa hapo hapo mpaka uone picha kwenye kompyuta kabla haijaenda kwenye mashine ya moto. Mkague ndege hivi, kichwa kiwe kipara na cheusi cha kijivu chenye mikunjo, manyoya yaanzie chini ya shingo, mdomo mwembamba umepinda nchani na mweusi kuja kwenye ncha ya rangi ya mfupa, sio njano. Mkia mfupi. Kama kachorwa kafungua mabawa basi weupe uwe kidogo tu kule mwisho kwenye ncha za mabawa, kwingine kote mweusi. Ukiona kichwa cheupe au shingo ina manyoya ya kujaa, sio yeye.

Sasa jezi yenyewe. Kitambaa chepesi, hakishiki jasho, nimecheza nayo saa tisa alasiri jua la Januari na haikunigandia mgongoni. Mshono wa kwapani umeshonwa mara mbili, wa chini mara moja, pale chini uzi umeanza kutoka kidogo upande wa kushoto lakini kwa kopi ya elfu thelathini hiyo naisamehe. Kitu kilichonifurahisha zaidi ni rangi, nyekundu haijavuja kwenye nyeusi na haijapauka, nageuza nje ndani nafua na maji ya baridi sitii jiki. Na kwa Flamengo rangi kutopauka sio jambo dogo, maana mwanzo kabisa jezi zao zilikuwa bluu na dhahabu, zikawa zinachujuka kwa jua na chumvi ya bahari na kitambaa kilikuwa cha kuagiza Uingereza bei juu, ndo mwaka uliofuata tu wakahamia nyekundu na nyeusi mpaka leo. Ungewapa jezi inayopauka wangekurudishia.

Saizi, kama unavaa L ya kawaida chukua L, mabega yako sawa ila ni ndefu kidogo kwa sisi wafupi.

Tisheti ya urubu nayo niliagiza kwa muuzaji mdogo wa Brazil mtandaoni baada ya ile habari ya tai. Mzigo ulikaa njiani sana, tena ukifika kuna hela ya ushuru, kwahiyo jumlisha hiyo kwenye bajeti yako. Angalia na saizi zao, wanaandika P, M, G na GG, P ndo ndogo na G ndo L yetu, usije ukaona G ukadhani ni jitu. Pamba nzito, nyeusi, picha imechapwa kwa wino ndani ya kitambaa sio stika ya kubandika, ukipitisha kidole husikii ukingo wowote. Na ndege wao wamemchora vile inavyotakiwa. Kasimama, mabega kayapandisha, shingo kaivutia ndani kama mzee aliyekaa kibarazani anasubiri mtu aongee upuuzi, jicho moja linakuangalia, unyoya mmoja wa bawa la kulia umekatika, na chini ya kucha kakanyaga kona ya bendera nyekundu na nyeusi. Ule unyoya uliokatika ndo ulionimaliza, maana mchoraji alijua anamchora ndege wa jalalani na hakumsafisha. Nimeifua sana haijapasuka popote.

Nikiivaa mtaani lazima nisimamishwe. Kuna mzee mmoja kijiweni akaniuliza kijana wewe mbona umevaa ndege wa mizoga, nikakaa nikamsimulia yote kuanzia tusi mpaka ile bendera, akanyamaza kidogo akasema "basi hao ni wanaume", akaomba nimpigie picha aitume kwa mwanawe. Wengine wanaikumbuka Flamengo kwa matokeo, watu wa Liverpool wanajua walivyochapwa 3-0 Tokyo 1981 na Flamengo ya Zico, na wanajua walivyolipa 2019 kule Doha goli moja la Firmino kwenye dakika za nyongeza, na watu wa Chelsea hawajasahau ile 3-1 ya Juni 2025 pale Philadelphia. Vinícius Júnior nae katokea hapo hapo, kakulia kwenye akademi ya Flamengo kabla ya kwenda Real Madrid. Nikimwona yule kijana alivyosimama mbele ya jukwaa la Valencia Mei 2023 wanamwita nyani, anawaonyesha kwa kidole mmoja mmoja, nasema huyu katoka kwenye timu inayojua hayo mambo toka zamani.

Na sio Flamengo peke yao kule. Palmeiras waliitwa nguruwe miaka na miaka, mpaka 1986 mashabiki wao wakaamua kuimba wenyewe nguruwe. Hata Flamengo hawakuishia kwa urubu, wapinzani walikuwa wakiwafunga wanaimba kimya favela, wao wakishinda wakageuza wakawa wanaimba sherehe favela, na hiyo mpaka leo inaimbwa. Huku kwetu Yanga na Simba tunaitana vyura na makolo, Yanga wameitwa vyura kwa sababu ya maji ya Jangwani, na kila derby watu wanagombana kweli kweli kwa hayo majina. Mi ni wa Jangwani na siku nikiona jukwaa zima letu limepandisha bendera ya chura ntakuwa wa kwanza kuinunua.

Kwahiyo nani achukue nini. Kama unataka jezi ya kuvaa na kuchezea chukua jezi ya kawaida bila kuprintiwa chochote, Kariakoo zipo nyingi, pita maduka kama matatu ulinganishe mshono wa chini maana hapo ndo kopi zinatofautiana, na usizidishe elfu thelathini na tano. Kama unataka urubu, agiza tisheti kutoka kwao wenyewe hata kama itakugharimu zaidi na kuchelewa, kwa sababu wanaomchora ndo wanaojua ni nani. Ya mtoto sijaona saizi zake, muuzaji wangu alikuwa na za wakubwa tu. Na kama kuna fundi wa kuprinti hapa Dar anayekubali kukuonyesha kazi kabla hajabonyeza mashine na hatajiongeza, nipeni jina lake, jezi yangu bado haina ndege mgongoni na ile picha ninayo kwenye simu.