AC ya chumba au ya nyumba nzima? Mwongozo kwa anayenunua Dar na Pwani

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, napigiwa simu ileile: "Kaka, ninunue AC gani?" Nami nauliza: ya chumba gani? Mwenzangu hunyamaza kidogo, maana alikuwa anaiwazia nyumba nzima. Lakini hebu fikiria nyumba yako saa nane usiku. Watu wamelala vyumba viwili. Sebule haina mtu, korido haina mtu, jikoni kuna paka. Unapoza nini huko?

Joto lenyewe la Dar si kubwa kama tunavyolalamika. Desemba hadi Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33, usiku hushuka hadi 25 hivi. Dodoma mchana inaweza kuwa vilevile na watu wakatembea na mashati makavu. Kinachotuumiza Pwani ni fukuto: hewa imeshiba maji, jasho halikauki. Kwa hiyo kifaa chochote unachonunua hapa kipime kwa kazi mbili, kupoza hewa na kuikamua maji. Mpangilio wangu hapa chini umefuata hilo, pamoja na gharama ya umeme wa LUKU.

La kwanza: pangaboi

Najua ulikuja kusoma habari za AC. Nunua pangaboi kwanza hata hivyo. Linakula wati 50 hadi 75. Ukiliwasha usiku kwa muda wa saa nane linamaliza nusu uniti hivi. Kwa wateja wa T1, kundi la bei ya kawaida ya umeme, ambao shilingi 10,000 huwapa uniti 28 hivi, hiyo ni kama shilingi 180 kwa usiku. Halipozi hewa wala halikaushi kitu, ila linakausha jasho mwilini, na hiyo ndiyo nusu ya tatizo. Na siku utakapofunga AC, pangaboi litakuwezesha kuiweka nyuzi 26 badala ya 20 na bado ukajifunika shuka.

Waliopo D1, kundi la wanaotumia umeme kidogo, wasikilize zaidi. Shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi ni kwa uniti 75 za mwezi tu. Pangaboi la kila usiku linachukua kama uniti 15 kwa mwezi. AC moja ya kawaida inaweza kumaliza uniti 180, na hapo umeshatoka kwenye unafuu kabla hujawasha pasi.

La pili: AC ya ukutani yenye inveta

Hii ndiyo AC ya kununua ikiwa unanunua moja: mashine ya ndani ukutani, mashine ya nje, na bomba mbili za shaba katikati. Haina njia za hewa darini. Ile ya kawaida kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi, inajua mambo mawili, kuwaka kwa nguvu zote au kuzima. Ya inveta inapunguza mwendo chumba kikishapoa na kuendelea taratibu, kama dereva anayeshika mwendo mmoja barabara ya Chalinze badala ya kukanyaga mafuta na breki kwa zamu. Inaokoa umeme, na pia inaendelea kukamua maji hewani muda wote.

Tufanye hesabu. Ya kawaida ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inakula kama kilowati 1.1 kompresa ikiwaka. Ukiiwasha usiku kwa muda wa saa nane, kompresa ikiwaka theluthi mbili ya muda, ni uniti 6 hivi: zaidi ya shilingi 2,100. Chukulia ya inveta katika chumba hichohicho imetumia uniti 3.5, shilingi 1,250. Kwa mwezi tofauti inakaribia shilingi 27,000. Kwa miezi minne ya kaskazi, laki moja na ushee. Ukifika Kariakoo, uliza bei za zote mbili, toa moja kwenye nyingine, kisha ujiulize tofauti itarudi baada ya kaskazi ngapi. Kwa anayelala na AC kila usiku haichukui muda mrefu kurudi. Kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa Idi na Krismasi, usijisumbue, chukua ya kawaida.

Ukubwa: chumba cha mita za mraba 12 mpaka 15, BTU 9,000 inatosha. Kuanzia 15 hadi 20, chukua 12,000. Sebule ya mita 25 hadi 30, 18,000. Ongeza saizi moja ikiwa juu yako ni mabati bila dari ya maana, au ukuta unapigwa na jua la magharibi. Usiongeze kwa ajili ya sifa. AC kubwa kuliko chumba hupoza haraka na kuzima kabla haijakausha hewa, ukabaki na baridi ya chepechepe na shuka zinazonuka uvundo. Muuzaji akikuambia "kubwa ni bora, inapoza haraka," anasema kweli upande mmoja tu.

Angalia pia gesi inayozunguka ndani ya mashine. R22, gesi ya AC nyingi za zamani, inaondolewa sokoni kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea, zetu zikiwemo, zimepewa hadi 2030 kuachana nayo isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. Ndiyo maana AC iliyotumika inayotoka Dubai kwa bei ya kutupa hunitia shaka: nyingi za zamani ni za R22. Kati ya R410A na R32, chukua R32. Nguvu yake ya kuongeza joto la dunia ni kama theluthi ya R410A (675 dhidi ya 2,088), na ndiyo njia ambayo makubaliano ya Kigali ya 2016 yanasukuma soko. Inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo fundi asifanye kazi na sigara mdomoni.

Ukikaa karibu na bahari, Kigamboni, Msasani au Unguja, omba mashine ya nje ambayo mapezi yake (vile vibati vyembamba vya alumini) yamepakwa kinga ya chumvi, yale ya rangi ya buluu au dhahabu. Halafu kila mwezi mwagia maji baridi ya bomba, umeme ukiwa umezimwa. Chumvi ya bahari inakula alumini bila kukuuliza.

La tatu: AC ya ukutani ya kawaida

Nimeshaisema. Ina faida moja inayosahaulika: saketi yake ni rahisi. Mahali umeme unapanda na kushuka kila siku, bodi ya inveta ikiungua ni gharama ya kulia. Lakini dawa ni kufunga kifaa cha kulinda umeme, ambacho unahitaji kwa AC yoyote ile.

La nne: AC ya dirisha

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, sawa. Ina kelele, inaziba dirisha na ni rahisi kwa mwizi kuisukuma ndani.

La tano: mfumo wa nyumba nzima

Huu ni ule wa mashine moja kubwa na njia za hewa zinazopita darini, zikitoa ubaridi kila chumba. Ndugu zetu walioko Houston au Minneapolis wanauona kitu cha kawaida, na kwao una mantiki: nyumba nyingi zilijengwa na njia hizo ili zipeleke hewa moto kipindi cha baridi, na AC ikatumia njia zilezile. Sisi hatuna kipindi hicho. Tungejenga njia zote kwa ajili ya ubaridi tu, halafu tuzipitishe chini ya mabati yanayochemka saa saba mchana. Wizara ya Nishati ya Marekani yenyewe inasema upotevu kwenye njia za hewa unaweza kuzidi asilimia 30 ya nishati ya mfumo, hasa zikipita darini kusikopozwa. Huku kwetu ongeza unyevu, kuvu, na panya. Tena kompresa ikifa, nyumba nzima inatoka jasho pamoja.

Kama unajenga ghorofa upya, una pesa na hupendi kuona mashine ukutani, fanya, ila njia zifunikwe vizuri na zifikike kwa usafi. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa sitakushauri.

Visivyostahili pesa yako

Feni ya maji, ile inayopuliza hewa kupitia pedi iliyoloa, inafanya kazi Dodoma wakati wa kiangazi. Dar inaongeza maji kwenye hewa ambayo tayari imeshiba. AC ya magurudumu yenye bomba moja inatupa hewa ya chumba nje, na hewa ya moto inaingia chini ya mlango kuziba nafasi.

Walioko Njombe, Makete au Mbeya, kwenu hesabu ni tofauti: AC yenye uwezo wa kupasha joto inaweza kutoa uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme, wakati hita ya waya inatoa uniti moja tu ya joto kwa uniti hiyohiyo. Na jiko la mkaa chumbani usiku, hapana. Moshi usioonekana unaua watu usingizini.

Fundi

Nilishapoteza kompresa nzima kwa ajili ya fundi aliyeniokolea muda. Hakuvuta hewa kwenye bomba kwa pampu. Alifungua gesi kidogo, akapuliza, akasema tayari. Hewa na unyevu vilivyobaki ndani vilifanya kazi yao kimyakimya miezi kumi na minne. Siku hizi kabla ya kukubaliana bei nauliza kama pampu ya vakyumu anayo, na siku ya kazi nataka kuiona ikinguruma angalau dakika 20.

Mwingine alinitaka "tuongeze gesi" kila mwaka. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Ikipungua kuna mahali inavuja, na atafute hapo kwanza.

Bomba la kutolea maji ya AC liwe na mteremko mwanzo hadi mwisho. Mashine ya nje ipate nafasi ya kupumua. Ukiifungia kizimba cha nondo kwa kuogopa wezi wa shaba, fundi afikie, na nyuma kusizibwe na ukuta.

Akimaliza, usitoe hela papo hapo. Funga mlango, washa nyuzi 24, mkalishe fundi barazani na soda. Kisha mwende mkaangalie lile bomba dogo la nje. Siku ya fukuto, nusu saa haipiti kabla maji hayajaanza kudondoka. Yakidondoka nje na ukuta wa ndani ukawa mkavu, mlipe.