Muvi za wauaji wa kukodiwa: ipi uweke kwenye flashi kabla hujapanda meli ya Nansio

Wakuu, mwezi umeanza kuwa mkubwa, na wa dagaa wanajua maana yake. Taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo mitumbwi inavutwa nchi kavu na vijana wanakaa kambini siku nane mpaka kumi hawana cha kufanya zaidi ya kula, kulala na muvi. Mdogo wangu ana kambi kisiwani Ukerewe, kule meli inashukia Nansio, ana TV ya inchi 32, sola na sabufa moja inayopiga kuliko mwili wake, na mimi huku Mwanza ndo natumwa Makoroboi kununua mzigo. Safari hii wamesema hawataki kingine, wanataka wauaji tu, zile mtu mmoja anamaliza ukumbi mzima halafu anaweka tai sawa. Nimeshapeleka nyingi na malalamiko yake nimeyapokea kwa simu usiku wa manane, kwa hiyo hii orodha ina maumivu ndani yake.

Ya kwanza kabisa nunua John Wick ile ya 2014. Najua mtapiga kelele kwamba ya nne ndo kali, subirini. Hii ina dakika 101 na haihitaji Kiingereza: jamaa kafiwa na mke, mke kamwachia kambwa kadogo, wahuni wanakaua na gari wanaondoka nalo, basi, mengine ni risasi. Kule kambini kuna mzee mmoja aligoma kabisa mwanzoni, akasema watu wote hawa wafe kwa ajili ya mbwa? Kesho yake mdogo wangu akamkuta anamtupia mbwa wa kambi kichwa kizima cha sangara. Halafu kuna kitu vijana walikiona wenyewe bila kuambiwa, kwamba stelingi anaishiwa risasi na anabadilisha magazini kama binadamu, wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mwongozaji Chad Stahelski ndo aliyekuwa anaruka na kuanguka badala ya Keanu Reeves kwenye The Matrix ya 1999, kwa hiyo kupigana anakujua kwa mbavu zake, kamera haitikisiki ovyo na unaona mkono ulikotoka na ulikofikia.

Ya pili Wanted, 2008. Hii ni uongo mtupu na ndo utamu wake. Karani wa ofisini anafundishwa kupindisha risasi, inazunguka kama mpira wa adhabu, na majina ya watu wa kuuawa yanatoka kwenye mashine ya kufuma nguo. Niliiangalia Igoma kwa jirani yetu ambaye aliwahi kufanya kazi kiwanda cha nguo cha Mwatex, akacheka mpaka akakohoa, akasema mimi nimesimama kwenye mashine zile miaka yote, uzi ukikatika unaunga, haijawahi kuniandikia niende kumuua mtu Nyegezi. Ila hakuinuka mpaka mwisho. Kambini wamegawanyika nusu kwa nusu, wapo waliosema ni ya kitoto na wapo walioomba irudiwe usiku uleule, na mimi muvi inayogombaniwa naihesabia kuwa imelipa hela yake.

Ya tatu ndo John Wick 4 ya 2023. Picha yake ni balaa, Berlin, Osaka, Paris, Donnie Yen anacheza kipofu anayepiga kuliko wenye macho, hilo halina ubishi. Tatizo ni dakika 169. Karibu saa tatu, wakati betri ya sola ya mdogo wangu pamoja na ile sabufa haifiki hapo. Kuna zile ngazi 222 za Paris, jamaa anapanda anaua anapanda anaua, karibu na juu anapigwa teke anabiringika mpaka chini kabisa, na akiwa anajiandaa kupanda upya TV ikazima puuu. Watu ishirini gizani. Mdogo wangu anasema alitaka kuogelea arudi Mwanza. Pia jiandae na ule ubishi wa suti, maana kuanzia John Wick ya pili anavaa koti linalozuia risasi, analiinua tu usoni kama mtu anakimbia mvua, na kila kambi lazima kuna mmoja atauliza kwa nini kila mtu asishone la kwake. Swali zuri kwa kweli. Kama mna jenereta ipandisheni iwe namba moja, sina neno.

Bullet Train ya Brad Pitt, 2022, mimi niliipenda sana, kambini ikadoda. Ni wauaji kibao ndani ya treni moja toka Tokyo kwenda Kyoto wanagombea begi, ila maneno mengi na nusu ya utamu uko kwenye utani, kwa hiyo bila iliyotafsiriwa, yaani yenye DJ anayesimulia kwa Kiswahili juu ya muvi, usipeleke. Shoot 'Em Up ya 2007 ni fupi, mtu anaua kwa karoti, mnacheka mnaenda kulala. Crank ya Statham inakimbia vizuri, kawekewa sumu na moyo ukitulia anakufa, lakini kuna sehemu humo ukiiwasha sebuleni mama mkwe akiwepo utahama mkoa.

Sasa kwenye kununua kwenyewe, hapa ndo watu wanapigwa. Mimi kuna sehemu niliuziwa muvi mpya kwa mbwembwe zote, kufika kisiwani ni ya kamera, katikati ya mapigano anainuka mtu na kichwa chake anapita mbele ya skrini, anarudi na bisi. Ukishavuka maji hurudishi kitu. Kwa hiyo mwambie muuzaji aichomeke kwenye TV, sio kompyuta, na usiangalie dakika ya kwanza, peleka katikati kwenye sehemu za usiku uone kama giza linapiga chenga. Uliza kama ni x265, yaani ile namna mpya ya kubana video, maana TV nyingi za zamani zinatoa sauti bila picha. Na faili likizidi GB 4 flashi yenye FAT32, ule mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, hailipokei, ukimruhusu abadilishe mfumo wa flashi TV ya kambini inaweza isiisome kabisa. John Wick 4 omba ya GB 2 hivi, inatosha inchi 32.

Iliyotafsiriwa kwa kawaida nauziwa buku, ya kawaida jero. Kwa wavuvi lipa buku, ila sikiliza kwanza, wapo madj wanaoongea mpaka mlio wa bastola hausikiki. Ukiwa na intaneti nzuri angalia kihalali, mwenye kazi apate chake, ila ujue HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja, piga hesabu ya dakika 169 halafu angalia salio.

Mimi hapa nimekaa kwenye benchi la dukani nasubiri muvi ziingie kwenye flashi, ziko asilimia 61, na mdogo wangu kashapiga mara tatu kuuliza kama nimekumbuka na betri.