Soksi za ngamia na skafu iliyonitoa ushamba: manunuzi yangu Ulaanbaatar

Mama yangu anakaa Njombe, na mwezi wa saba Njombe unaamka unakuta umande umeganda juu ya majani. Nilipompigia simu kumwambia nakwenda Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, siku sita, hakuuliza habari za Chinggis Khaan, mtawala wao wa kale, wala farasi. Alisema tu, "Mwanangu, niletee kitu cha kuvaa miguuni. Usiniletee visanamu vya kupanga kabatini." Nasoma Beijing, likizo ya Oktoba 2024 ilikuwa imefika, na safari nzima nikaizungushia agizo hilo.

Nianze na hela maana ndiyo iliyonichanganya kwanza. Fedha yao ni tugriki, na wiki ile dola 1 ilikuwa kama tugriki 3,400. Noti kubwa kabisa niliyopewa ilikuwa ya 20,000, yaani haifiki dola 6. Ukibadilisha dola 200 unatoka na bunda la kuvimbisha mfuko, halafu 5,000, 10,000 na 20,000 zote zina uso uleule wa Chinggis Khaan. Ukiwa na haraka unalipa mara mbili. Madukani kadi inapita vizuri tu, sokoni utahitaji noti.

Mahali pa kwanza ambapo kila mgeni anaelekezwa ni Ikh Delguur, maana yake Duka Kubwa, liko Barabara ya Amani katikati ya mji. Enzi za ujamaa lilikuwa duka la serikali, na wageni wengi bado wanaliita hivyo, ingawa siku hizi ni la kampuni binafsi. Huwezi kulikosa. Ng'ambo ya barabara kuna mnara wa The Beatles, ndiyo, haohao wa Liverpool, na ukizunguka nyuma yake unakuta amechongwa kijana amekaa kwenye ngazi na gitaa lake. Niliupenda kuliko masanamu yote ya wapanda farasi.

Ndani kuna joto, kuna choo kisafi, na kila kitu kina bei iliyoandikwa. Chini ni vyakula, ukipanda juu unakutana na nguo za sufu, na juu zaidi zawadi: vishikizo vya funguo vyenye umbo la hema lao la duara, ngamia wa kuchezea, kofia za manyoya za kupigia picha. Vitu hivyohivyo ndivyo mama alivyovikataa. Lakini sijutii saa mbili nilizokaa humo, kwa sababu nilipita rafu kwa rafu na daftari nikiandika bei kama karani wa sensa. Daftari lile liliniokoa baadaye.

Kwenye kulipa nikakutana na jambo la kuchekesha. Risiti yao ina namba ya bahati nasibu. Serikali iliweka mtindo huo ili wanunuzi wenyewe wawe wanadai risiti, na wanadai kweli. Nikakumbuka tunavyohimizwa nyumbani kudai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na bado nusu yetu tunaondoka bila hata kugeuka. Ya kwangu nilimpa dada wa mapokezi hotelini, akaipokea kwa mikono miwili kama nimempa hela. Na beba mfuko wako. Mifuko ya plastiki ya kutupa waliipiga marufuku Machi 2019, miezi mitatu kabla ya Tanzania.

Sasa soko. Linaitwa Narantuul, ingawa wenyeji wengi bado wanasema Khar Zakh, yaani soko jeusi. Ni la wazi, kubwa mno, upande wa mashariki ukitoka katikati ya mji, na foleni ya magari ya Ulaanbaatar itakufanya uiheshimu ile ya Ubungo. Jambo moja ambalo ningependa mtu angeniambia mapema: Jumanne hawafungui. Mimi nilienda Jumanne. Nilisimama mbele ya geti na upepo unanipiga masikioni, dereva wa teksi ananitazama kwa huruma, nikarudi.

Jumatano nikaenda tena. Kama unaujua Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, punguza joto nyuzi thelathini, ongeza matandiko ya farasi. Kuna safu nzima ya mabuti yenye ncha zilizopinda juu. Kuna vitambaa vya hariri vya kushonea deel, lile joho lao refu la kufunga mkanda kiunoni. Kuna wanaouza nyumba, yaani yale mahema ya duara: milango ya mbao iliyopakwa rangi ya chungwa na kuchorwa nakshi, fito za paa zimefungwa mafungu mafungu, majiko ya bati na dohani zake, marobota ya sufu iliyokandamizwa ya kufunikia kuta. Nilimwona mzee na mkewe wanachagua mlango. Mzee aliufungua na kuufunga labda mara kumi, anasikiliza bawaba, mkewe amegeukia pembeni amechoka naye. Hakuna duka la zawadi litakalokuonyesha hilo.

Lugha ni shida. Kiingereza kwa wauzaji ni cha kubahatisha, wazee wanajua Kirusi, na Kichina changu nilichokitolea jasho miaka mitatu kilinipatia uso mkavu mara mbili, nikakizima. Nikabaki na "hed ve", ni bei gani, na "bayarlalaa", asante. Kazi iliyobaki inafanywa na kikokotoo.

Soksi nilizipata kwa mama mmoja wa makamo aliyekaa kwenye kigoda, amejifunga mtandio hadi puani. Sufu ya ngamia, rangi ileile ya ngamia, haijatiwa dawa yoyote. Hakuzisifia. Alinishika mkono, akaniingiza soksi hadi kwenye kifundo kama anamvisha mtoto, kisha akaendelea na mteja mwingine. Nikasimama pale nimevaa soksi mkononi kama mtu aliyevunjika. Dakika haijaisha vizuri kiganja kikaanza kupata jasho. Aliporudi akaandika 18,000. Nikafuta, nikaandika 10,000. Akacheka, akamwonyesha jirani yake kile kikokotoo, wakacheka wote, akaandika 17,000. Mwisho tukakubaliana jozi nne kwa 60,000. Daftari langu lilisema Ikh Delguur ni zaidi ya hapo, ila si sana. Usiende Narantuul ukitegemea bei kuanguka hadi nusu, wenzetu hawana mtindo huo. Wanapunguza kidogo, na ukinunua vingi.

Vibaka wanatajwa na kila mtu, hata muuzaji mmoja alinigonga bega akanionyesha nivae begi kifuani. Nilivaa. Sikuibiwa. Niliibiwa kwa njia nyingine, tena mahali pasafi.

Ilikuwa duka dogo la katikati ya mji, jina naliacha. Skafu laini, lebo imeandikwa kashmiri, yaani sufu laini ya mbuzi, asilimia 100, bei 60,000. Daftari liliniambia bei hiyo haiwezekani, moyo ukaniambia nimepata bahati. Usiku hotelini nikachomoa uzi mmoja kwenye pindo nikauwasha kwa kiberiti. Sufu ya kweli inanuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika ukiyafinya. Wangu uliyeyuka ukaacha kidonge kigumu cheusi, na chumba kikanuka kama beseni lililoungua. Kesho yake nilirudi na skafu na risiti. Muuzaji akanionyesha kibao ukutani ambacho bila shaka kilisema kilichouzwa hakirudi. Tugriki 60,000 zikaenda, nikatolewa ushamba.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikaenda duka la kiwanda cha kashmiri cha Gobi. Kiwanda hiki kilianza 1981 kwa msaada wa Japani na ndicho chenye jina kubwa kuliko vyote nchini. Hapo hupatani bei. Unashika, unajaribu, unalipa. Niliweka mkono kwenye sweta moja la kijivu nikaelewa kwa nini skafu yangu ilikuwa utani: sufu hii haitelezi kama hariri bandia, inakaa mkononi, nyepesi, halafu inaanza kupasha. Ile si manyoya ya nje ya mbuzi. Ni tabaka la chini linaloota wakati wa baridi kali, na wafugaji wanalichana kwa chanuo la chuma majira ya kuchipua. Mbuzi mmoja anatoa kama robo kilo hivi kabla haijasafishwa, kwa hiyo sweta moja linaweza kumaliza sufu ya mbuzi watatu au wanne. Ukilijua hilo, bei haikushtui tena. Langu lilikuwa 329,000, chini kidogo ya dola 100, na ndicho kitu ghali kuliko vyote nilivyowahi kujivalisha. Tafuta rangi za asili, nyeupe, kahawia, kijivu. Zina upole ambao mimi sikuuona kwenye zile zilizotiwa rangi kali.

Vitu vya kale niliviacha kabisa, hata vile vichupa vizuri vya mawe vya ugoro. Kitu cha zamani kinataka kibali cha kutolewa nchini, na mifupa ya dainosaria ndiyo usiguse kabisa. Mongolia iliwahi kudai irudishiwe mifupa ya dainosaria aliyepigwa mnada New York mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikarudishwa. Watu wa namna hiyo sitaki kukutana nao nimebeba begi lenye maswali.

Vyakula vya kubeba ni juisi ya chatsargana, kitunda kidogo cha rangi ya chungwa, kichachu kama ukwaju uliokasirika, na aaruul, maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa hadi yakawa jiwe. Aaruul usiing'ate. Unaiweka shavuni na kuendelea na shughuli zako. Mimi niliing'ata.

Soksi zilifika Njombe Desemba na mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anarudi nyumbani. Jozi mbili mama alizichukua, moja akampa shangazi, ya nne sijui iko wapi. Alinipigia kulalamika kwamba zinanuka mnyama. Nikamwambia azianike nje. Akasema ameshazianika, na kwamba harufu hiyo haimzuii kulala nazo.