Shule ya msingi ya Gando: sifa ziende kwanza kwenye paa

Shule hii ya kijiji cha Gando, Burkina Faso, ilikamilika mwaka 2001 na kupata Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan mwaka 2004. Aliyeisanifu, Diébédo Francis Kéré, ni mzaliwa wa hapohapo. Wengi huisifia kwa kuta zake za udongo. Ni kuta nzuri kweli, lakini darasa linapoa kwa sababu ya paa, na hapo ndipo wanaoiga huteleza.

Madarasa ni matatu, yamepangwa kwa mstari, na kati yao kuna baraza zenye kivuli. Juu ya kuta zimelazwa boriti za zege, juu ya boriti nondo, na juu ya nondo matofali yaliyopangwa makavu, bila saruji katikati. Mianya hiyo ndiyo njia ya kutokea joto. Bati lenyewe limeinuliwa mbali na dari kwa kenchi za nondo, zilizokatwa kwa msumeno wa mkono na kuchomelewa kwa mashine ndogo, kreni haikuhitajika. Jua likichoma bati, hewa iliyo chini yake hupanda na kutoka, ikivuta ya darasani, na mpya huingia madirishani. Shule nyingi za kwetu hupigilia bati juu ya ukuta moja kwa moja, bila dari, na kufikia saa sita mchana watoto wanachemka.

Matofali ni ya udongo wa pale uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Anayetaka kuyafyatua aanze na saruji asilimia 5 hadi 10, achanganye kukavu kwanza, kisha maji kidogokidogo. Finyanga donge, liachie kutoka usawa wa kifua: likipasuka vipande vinne au vitano, tayari, likibaki zima, maji yamezidi, likisambaratika kama unga, bado ni kavu. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka. Mchanga ukizidi, humeguka pembe ukilitoa kwenye kalibu. Yafunike kivulini na uyanyunyizie maji walau siku 7. Wenye haraka huyaanika juani, halafu wanalaumu udongo.

Gharama haijakwisha: saruji, nondo na bati bado vinanunuliwa. Tena paa la kuinuliwa hushikwa sana na upepo, kwa hiyo vyuma vya kulifunga vizikwe ndani ya lenta, yaani mkanda wa zege unaofunga kuta, wakati zege linamwagwa, si kubandikwa baadaye.

Fedha zikipungua, punguza sakafu ya terazo au rangi. Upenu mpana usiguswe, kwani ndio unaokinga kuta za udongo na mvua. Wala usishushe bati kuokoa nondo chache.