Alama ya kiti cha magurudumu ipo, mlango wa bafu haupitiki

Mama ana miaka 78, na tangu apate kiharusi upande wake wa kushoto hauna nguvu, hivyo tunasafiri na kiti cha magurudumu. Nilichagua hoteli hii kwa sababu tangazo lao lilikuwa na ile alama ya kiti. Hata hivyo nikapiga simu kuhakikisha, nikajibiwa: "Njooni tu, chumba kipo." Mlangoni njia ya mteremko haikuwa kali, lifti ilikuwa pana. Nikashusha pumzi.

Shida ilikuwa bafuni. Kiti cha mama kina upana wa sentimita 64. Niliazima futi kamba kwa fundi wao nikapima mlango: sentimita 60. Ikabidi nimbebe, na mama hapendi kubebwa. Alinyamaza kimya, akanikumbatia shingoni kwa ule mkono mmoja wenye nguvu, huku mimi nikipapasa ukuta nipate pa kujishikilia. Palikuwa na chuma cha kutundikia taulo tu, nacho kikacheza nilipokigusa. Choo kilikuwa kifupi. Kukaa aliweza, kuinuka hakuweza. Safari zote za usiku zilikuwa hivyo, kwa siku tatu.

Vipimo hivi si siri. Viwango vya Marekani vya 2010 vya majengo kufikika kwa watu wenye ulemavu, kwa mfano, vinataka mlango ukifunguliwa uache uwazi wa sentimita 81 hivi, kiti kipate kama mita moja na nusu ya kugeukia, na choo kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48, na vyuma imara vya kushikilia pembeni.

Wahudumu nawashukuru kwa dhati. Dada wa usafi alileta kiti cha plastiki bila kuombwa, akakiweka chini ya bomba la mvua, mama akaoga amekaa. Meneja naye alinisikiliza na kuandika vipimo vyote.

Ukiwa na mzazi kama wangu, usiulize kama chumba "kinafaa", kwani utaambiwa ndiyo. Uliza mlango wa bafu una sentimita ngapi, na uombe picha ya choo pamoja na ukuta wa pembeni yake kabla hujalipa.

Nyota 2 kati ya 5, zote za wahudumu. Wakipanua ule mlango, nitarudi na mama.