Flashi ya "Star Wars" ya elfu kumi na nane: tufungue tuone

Haya, hii hapa. Mudi, sogeza simu waione vizuri. Flashi ya GB 32, kifuniko chekundu, imeandikwa kwa maka peni: STAR WARS ZOTE NA ZA ANGANI. Nimeinunua juzi Ngamiani, kwenye banda moja silitaji, shilingi 18,000. Alianzia 25,000, tukavutana, tukafika hapo.

Asalaam aleykum watu wangu, karibuni tena barazani kwetu hapa Tanga. Msitoke, nawaomba. Leo kitu kimoja kimenikasirisha, na hichohicho kimenifurahisha mpaka sikulala, na vyote viwili nitawaonyesha.

Nimefika nyumbani, nimeichomeka kwenye tivii. Mafaili 14. Star Wars yenyewe, ile ya Marekani, haimo. Hakuna hata moja! Kuna faili linaitwa "Star wars 7 mpya", ukilifungua ni filamu ya Kituruki ya mwaka 1982. Kuna "Vita ya nyota HD", ukilifungua ni Starcrash ya Waitaliano. Kuna Message from Space ya Wajapani, kuna Transmorphers, mawili yamejirudia, na yaliyobaki ni katuni.

Spidi ya flashi, ukubwa, sijui inakubali tivii gani, hayo mnayajua, siyasemi. Twende kwenye filamu.

Mnajua mambo haya yanavyokuwa. Star Wars ilipotoka 1977 iligharimu kama dola milioni 11, na dunia nzima ikaitaka. Mwaka uliofuata tu, 1978, Waitaliano wana yao, Wajapani wana yao, Wabrazili nao wana yao. Mimi kuiga hakunisumbui. Kinachonisumbua ni mtu kuchukua kazi ya mwenzake, akafuta jina lake, akaandika jina la mwingine ili auze. Hii ya Kituruki ina jina lake: Dünyayı Kurtaran Adam. Maana yake "mtu aliyeiokoa dunia". Ameiongoza Çetin İnanç. Aliyecheza, na aliyeiandika, ni Cüneyt Arkın. Hayo majina yangeandikwa pale juu, mimi elfu 18 ningeitoa bila kuvutana.

Na niwaambie kitu. Faili halina tafsiri, halina maandishi ya chini, ni Kituruki kitupu. Nimekaa na mama, mwanzoni kuna sauti inasimulia kwa muda mrefu sana, picha za anga zinapita. Mama anasikiliza, ananigusa: "Huyu si anasema dunia?" Nikamwambia ndiyo mama, dünya, ni dunia hiyohiyo yetu, imetoka kwenye Kiarabu ikaenda kwao ikaja na kwetu. Na adam, ndiye huyu mwanadamu wetu. Basi mama akawa anaokota neno mojamoja kama mtu anayeokota kome maji yakitoka. Hajatafsiriwa, na jina la filamu ameshika nusu yake.

Sasa hapa ndipo nilipotaka tufike. Chumba cha rubani. Mudi, rudisha, dakika za mwanzo. Hapo, simamisha! Tazameni. Cüneyt amekaa, ana helmeti, anaongea, anatikisika, anapigana na vyombo vya adui. Na nyuma ya kichwa chake? Nyuma ya kichwa chake ni Star Wars. Yenyewe. Vipande vya filamu ya Marekani vinaonyeshwa kwa projekta kwenye skrini nyuma yake, naye ameketi mbele anachezea hapo.

Watu wengi wakifika hapa wanacheka, wanazima. Mimi nikasema hapana, ngoja nifanye mwenyewe, nione ugumu wake uko wapi. Sasa oneni.

Nimekaa kiti cha plastiki. Nimevaa helmeti ya bodaboda ya kaka. Nyuma yangu ni tivii, na Mudi ameweka video aliyoichukua juzi kwenye pikipiki, wanatoka Pongwe wanakuja mjini, simu inatazama mbele. Taa ya chumbani nimezima, nimeacha moja ya pembeni. Mudi, kaza picha, uso na mabega tu, ukingo wa tivii usionekane. Anza.

Naendesha. Nakata kona. Mnaona? Inakaribia kukubali, lakini kuna kitu kinakataa, tumbo linajua kabla ya jicho. Mnakijua ni nini? Mimi nawatazama nyinyi, mgongo wangu uko kwa barabara, lakini barabara nyuma yangu inatujia. Kwa hiyo mimi hapa nakwenda kinyumenyume! Naingia mjini kwa kisogo! Basi Cüneyt naye ndivyo alivyo, anashambulia adui kwa kisogo, kwa sababu picha aliyonayo ilichukuliwa ikitazama mbele.

Sasa Mudi, weka ile ya pili, uliyokaa nyuma ya pikipiki ukashika simu kutazama tulikotoka. Haya. Angalieni minazi inavyokimbia kwenda mbali. Eeh! Sasa naendesha kweli. Kiti kilekile, helmeti ileile, sura ileile. Mdogo wangu na simu yake wametengeneza kitu cha sinema kwa lita moja ya mafuta.

Bado. Jaribio la tatu ndilo lenye siri. Mudi ameunganisha vipande vitatu: barabara, halafu pwani ya Raskazone, halafu soko. Anza. Naendesha, naendesha... hapo! Mmeona? Kichwa changu hakijasogea, lakini dunia nyuma yangu imeruka kutoka barabarani mpaka baharini, kisha sokoni. Ndicho kilichowapata. Wao hawakuwa na picha ghafi za angani, walikuwa na filamu iliyokwisha kukatwa na kuunganishwa Marekani. Kila Wamarekani walipokata, nyuma ya Cüneyt panaruka. Yeye yuko palepale, anga inabadilika mara tano. Na huwezi kuzuia, labda uwe na mkasi na subira ya kuchagua kipande kimojakimoja kirefu.

Na kuna la ziada, tazameni kile kituo kikubwa cha angani cha adui, cha mviringo kama mpira, kimekuwa kama yai. Star Wars ilipigwa kwa lenzi inayobana picha kwa upana ili ienee kwenye mkanda, kisha ukumbini kuna lenzi nyingine ya kuitanua. Ukiitumia bila kuitanua, mviringo unasimama wima, unakuwa yai. Ile kasoro haikutoka kwa fundi wa flashi, imo kwenye filamu tangu 1982.

Inasimuliwa kwamba walitengeneza mapambo na vyombo vyao wenyewe, dhoruba ikaviharibu, pesa ya kuanza upya haipo, ndipo wakaazima mkanda wa Star Wars wakakata walichohitaji. Muziki nao wakachukua, mtasikia humo ule wa Raiders of the Lost Ark wa John Williams, tena katikati ya ngumi. Hilo la muziki mimi silitetei. Mtu ameketi ametunga, mwite jina lake, mlipe.

Lakini ngumi! Jamani, ngumi ni zao. Wakishatua kwenye sayari, ngumi zenyewe hawakuziazima popote. Ni Kapadokia, kwao Uturuki, mawe marefu yaliyosimama kama vichuguu vikubwa. Nilipoyaona nikafikiria mapango yetu ya Amboni, ingawa Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, na kule ni majivu ya volkano yaliyoganda, watu wakachonga nyumba na makanisa humo ndani. Mimi sijui kwa nini hapa Tanga hatujapiga filamu ya angani Amboni. Sayari tunayo, iko njia ya Mombasa, bodaboda inafika.

Cüneyt anajifungia mawe miguuni, anafanya mazoezi ya kuruka. Anapasua mawe kwa mkono. Akivua yale mazito, anaruka juu ya vichwa vya adui kwa trampolini iliyofichwa chini ya picha. Na anaruka mwenyewe. Huyu bwana alisomea udaktari, udaktari wa kutibu watu, kisha akaingia kwenye filamu, akajifunza sarakasi, akacheza filamu mamia. Amefariki 2022 akiwa na miaka 84, Mungu amrehemu. Nilipoanza kutazama nilikuwa nahesabu makosa. Kufika hapo kwenye mawe nimeacha kuhesabu.

Starcrash niseme kidogo. Wengi mtaipenda zaidi, nakiri ni nzuri kwa macho, nyota zake zina rangi kama taa za harusi. Muziki ni wa John Barry, yule wa James Bond, na Christopher Plummer yumo, na David Hasselhoff kabla hajawa yule wa gari linaloongea. Ya Wajapani ina meli ya matanga inayosafiri angani, jahazi kabisa, sisi watu wa pwani lazima tuitazame. Transmorphers sina la kuisema, imetoka 2007 mwaka uleule wa Transformers ili watu wachanganye majina. Hiyo ndiyo kuiga nisikokupenda. Mturuki hakukudanganya, aliyekudanganya ni aliyeandika flashi.

Ngoja, kabla sijasahau. Kuanzia wiki ijayo video zetu zinatoka Alhamisi usiku badala ya Jumanne, Mudi ana mitihani.

Mama aliniambia jambo jingine wakati tunatazama. Yeye ujanani alikuwa akienda Majestic hapa mjini, kwenye filamu za Kihindi, na hawakuwa wanaelewa Kihindi. Walikwenda hivyohivyo, wanatoka wanaimba. Baadaye zikaja banda za video na watafsiri wetu, kina Lufufu, mtu mmoja anasema sauti zote. Mtafsiri akikusimulia, alikutajia na muigizaji. Flashi haikutajii.

Sasa ubora wa nakala, maana mnaotaka kununua mtaniuliza. Hii ya kwenye flashi ni ile mbovu, imetolewa kwenye kanda za zamani, sura nyekundu, giza limekuwa tope. Kwa miaka mingi dunia nzima ilikuwa na mbovu hiyo tu. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja, Ed Glaser, alitangaza kwamba ameipata nakala ya mkanda wa milimita 35, na ikasafishwa. Jinsi ya kuzitofautisha: tazama mawe ya Kapadokia mchana. Ukiona mikunjo ya jiwe na anga ya buluu, umeshika safi. Ukiona uji, ni hii yangu.

Bei. Flashi tupu ya GB 32 hapa mjini naipata kwa 12,000, kwa hiyo filamu nimelipia 6,000. Ningeambiwa asubuhi ile nilipochomeka, ningesema nimeibiwa. Leo nasema Dünyayı Kurtaran Adam peke yake imenirudishia, na chenji ya jahazi la Wajapani. Kwa mtoto anayetaka Star Wars ya Marekani, usinunue, atalia. Kwa anayependa kujua filamu inatengenezwaje, nunua, ila mwambie muuzaji aifungue kwenye tivii yake kwanza, na ujaze mwenyewe majina ya mafaili.

Mimi yangu nimeshayabadilisha yote 14. Kesho narudi Ngamiani na karatasi yenye majina sahihi, jina la filamu, mwongozaji, mwaka, nchi. Nitampa yule kijana bure, aniambie kama ataandika. Jibu lake mtalipata Alhamisi.

Mudi, usizime. Rudisha pale anapovua mawe miguuni, mama anakuja na chai, hajapaona.